Asubuhi makumbusho, mchana madukani: mwongozo wa kuuzunguka mji kwa miguu, kwa macho na kwa mikono

Watu wengi wakifika mji mgeni hugawa siku zao mafungu mawili: siku ya kununua nguo na siku ya kutazama makumbusho. Siku ya kununua huishia kwenye jumba moja kubwa lenye chapa zilezile walizoziacha kwao. Siku ya makumbusho huishia kwa miguu kuuma na picha mia ambazo hawatazifungua tena. Nilisafiri hivyo kwa miaka mingi. Siku hizi navichanganya vyote viwili katika siku moja na mtaa mmoja, tena kwa mpangilio: makumbusho kwanza, maduka baadaye.

Sababu ni jicho. Ukisimama nusu saa mbele ya koti lililoshonwa kwa mkono zaidi ya miaka mia iliyopita, ukaona bega lilivyokaa na mistari ya kitambaa ilivyokutana kwenye mshono, kisha ukaingia dukani saa moja baadaye, mkono wako utakwenda wenyewe kwenye mishono. Hutanunua tena kwa kuvutwa na taa za dirishani.

Kabla ya kuondoka: pima nguo zako, si mwili peke yake

Namba za saizi hazina mwenyewe. Gauni la saizi 38 kwa hesabu ya Ufaransa ni 42 kwa Italia, 10 kwa Uingereza na takriban 6 kwa Marekani, na hata ndani ya nchi moja kila kiwanda kina 38 yake. Usikariri majedwali. Chukua nguo tatu unazozipenda na zinazokukaa sawasawa: shati au blauzi, suruali au sketi, na koti. Tandaza shati kitandani, lifunge vifungo vyote, linyooshe kwa kiganja hadi mikunjo iishe, kisha vuta futi kamba kutoka chini ya kwapa moja hadi jingine. Pima pia bega hadi bega kwa mgongoni, urefu wa mkono, na urefu kutoka shingoni hadi kwenye pindo. Kwa suruali, pima kiuno, nyonga na mshono wa ndani ya mguu. Andika kwenye simu, na futi kamba yenyewe itie mfukoni. Dukani utapima nguo iliyotundikwa na kujua kwa dakika moja kama inafaa kwenda nayo chumba cha kujaribia.

Kisha andika vitu visivyozidi vitatu ambavyo kabati lako linavikosa kweli, na upige picha za nguo ambazo vitu hivyo vitavaliwa pamoja nazo, ukiwa karibu na dirisha mchana. Picha hizo zitakuokoa ukisimama mbele ya sketi nzuri ambayo nyumbani haina rafiki hata mmoja.

Chora ramani kwa mitaa

Wengi huanza na orodha ya "vivutio kumi" kisha hutumia nusu ya siku kwenye mabasi. Anza na jumba moja tu la makumbusho unalolitaka, liwekee alama kwenye ramani, kisha chora duara la mwendo wa dakika kumi na tano kwa miguu. Tazama kilichomo ndani ya duara hilo. Katika miji mingi ya kale utashangaa, kwa sababu mafundi wa nguo walikaa pale walipokuwapo wateja wao: karibu na ikulu, kanisa kuu, ukumbi wa tamthilia, bandari.

Milano ni mfano ulio wazi. Galleria Vittorio Emanuele II, njia ya maduka yenye paa la vioo iliyofunguliwa katika miaka ya 1860 na kukamilika 1877, inaunganisha uwanja wa kanisa kuu na uwanja wa jumba la opera la La Scala. Ukitoka kutazama nakshi za marumaru kwenda kutazama mavazi ya waimbaji katika makumbusho ya La Scala, huna budi kupita madukani. London nako, Burlington Arcade, safu ya maduka madogo iliyofunguliwa 1819, imeegemea Burlington House yenye maonyesho ya Royal Academy of Arts, na Savile Row ya mafundi wa suti iko nyuma yake, mwendo wa dakika chache. Antwerp, makumbusho ya mitindo ya MoMu yako barabara ya Nationalestraat, katika jengo moja na idara ya mitindo ya chuo cha sanaa cha mji huo, na maduka ya wabunifu yameizunguka. Mji wowote utakaokwenda, uliza swali hilohilo: watengenezaji wa mavazi walikaa wapi, na kwa nini hapo?

Majina ya mitaa hujibu sehemu ya swali. Firenze ina Corso dei Tintori, barabara ya watia rangi vitambaa, karibu na mto, maana kazi ya rangi hutaka maji mengi. Ndani ya Kapalıçarşı, soko kuu lenye paa la Istanbul, barabara kubwa inaitwa Kalpakçılar, yaani ya washona kofia za kalpak. Leo imejaa dhahabu, kofia zimeondoka na jina limebaki. Mimi hupenda kuanza matembezi kwenye mtaa wa namna hiyo hata kama hakuna cha kununua, kwa sababu ndipo mji unapoanza kuonekana kama mahali pa kazi.

Siku na saa

Hapa ndipo safari nyingi huharibika. Makumbusho mengi ya Ulaya hufungwa Jumatatu, lakini si yote: Paris, Musée d'Orsay hufungwa Jumatatu na Louvre hufungwa Jumanne. Kapalıçarşı hufungwa Jumapili. Ujerumani karibu maduka yote hufungwa Jumapili kwa sheria, isipokuwa siku chache zilizoruhusiwa, hivyo Jumapili ya huko ni ya makumbusho peke yake. Kama umepanga kununua wakati wa punguzo, jua kwamba Ufaransa vipindi vya punguzo kubwa hupangwa na serikali, kimoja majira ya baridi na kingine majira ya joto, wiki nne kila kimoja. Siku za kwanza saizi zipo ila umati ni mkubwa. Siku za mwisho bei imeshuka zaidi lakini kilichobaki ni saizi ndogo mno au kubwa mno.

Makumbusho ya mavazi yana jambo lake. Usiangalie siku za kufunguliwa tu, angalia ni maonyesho gani yapo. Kitambaa ni dhaifu mbele ya mwanga: rangi hufifia, nyuzi za hariri hukatika, na madhara hayo hayaponi. Ndiyo maana mwanga juu ya nguo za kale kwa kawaida hauzidishwi takriban lux 50 (lux ni kipimo cha mwangaza), na nguo iliyoonyeshwa kwa miezi michache hurudishwa gizani kupumzika kwa miaka. Kwa hiyo baadhi ya makumbusho haya hufunga milango kati ya onyesho moja na jingine, na gauni uliloliona kwenye picha za mwaka jana huenda limelala kwenye sanduku. Tazama tovuti yao wiki ya safari, siyo mwezi mmoja kabla.

Madukani, siku za kazi ndizo bora, na mapema mchana kuliko jioni. Muuzaji hajachoka, na atakuwa na muda wa kukuletea kitambaa kilichoko nyuma.

Makumbushoni: tazama kama fundi

Saa moja na nusu inatosha. Zaidi ya hapo macho yanapita juu ya vitu bila kushika chochote. Ukiingia chumba cha mavazi, simama dakika mbili bila kutazama kitu, macho yazoee giza. Wageni wengi hukata tamaa na mwanga hafifu na kupita haraka, wakati kwa subira kidogo darizi nyeusi juu ya kitambaa cheusi huanza kujitokeza yenyewe.

Chagua nguo tatu, na kila moja uipe dakika kumi. Anza na bega, kwa sababu nguo nzima inaning'inia hapo. Je, mshono wa mkono umekaa juu ya mfupa, umeshuka, au umerudishwa nyuma? Makoti ya zamani ya Ulaya mara nyingi yana mishono ya bega iliyosogezwa mgongoni, na ndiyo inayompa mvaaji mkao ule wa kifua mbele. Zunguka nyuma kama kioo kinaruhusu. Mbunifu wa kweli hausahau mgongo. Fuata mstari au ua la kitambaa hadi kwenye mshono uone kama limeendelea upande wa pili au limekatwa katikati. Angalia pindo, bitana, matundu ya vifungo. Kama unaweza kuhesabu mishono ya mkono, ihesabu. Kisha soma kibao: nguo imetengenezwa kwa nini, wapi, mwaka gani. Mara nyingi utakuta hariri ya nchi moja, rangi ya nchi nyingine na fundi wa nchi ya tatu.

Chora badala ya kupiga picha. Si lazima ujue kuchora. Mistari sita ya kalamu kuonyesha kola ilivyokunjwa itakulazimisha kuona mambo ambayo simu huyameza bila kuyatafuna. Ukipiga picha, zima mwanga wa kamera kwa sababu ileile niliyoitaja.

Usidhani ni makumbusho ya mavazi pekee yanayofaa. Jumba lolote la michoro ya kale ni kabati. Katika Uffizi, Firenze, kuna picha ya Eleonora wa Toledo, mke wa mtawala wa mji huo, na mwanawe iliyochorwa na Bronzino takriban mwaka 1545. Uso wake umetulia, lakini ni gauni linalotawala picha: kitambaa cheupe chenye nakshi nyeusi na dhahabu, ua kubwa limewekwa katikati kabisa ya kifua. Fundi alikubali kupoteza kitambaa cha ghali ili ua likae pale. Baada ya kuliona hilo, jaribu kununua shati la maua ambalo mfuko umekata ua vipande viwili. Utashindwa.

Mjini humohumo, makumbusho ya mtengeneza viatu Ferragamo, ndani ya Palazzo Spini Feroni, yamejaa viatu. Kati yake vimo vyenye soli nene ya kizibo (gome jepesi la mti, lile la vizibo vya chupa), na kisa chake kinahusu siasa kuliko urembo. Italia ilipoivamia Ethiopia mwaka 1935 iliwekewa vikwazo, na chuma bora cha kuimarishia upinde wa kiatu cha kisigino kikawa adimu. Salvatore Ferragamo akajaza nafasi kati ya kisigino na unyayo kwa kizibo kutoka Sardinia, na mtindo huo ukaenea duniani. Ukiwa dukani mbele ya kiatu cha soli nene, utakitazama kwa jicho jingine.

Ukipata nafasi, tafuta pia nyumba za wabunifu zilizogeuzwa makumbusho. Ya Yves Saint Laurent kule Paris iko katika jengo alimofanyia kazi kwa karibu miaka thelathini, na ilifunguliwa 2017, mwaka mmoja na ile ya Marrakech. Ya Cristóbal Balenciaga iko Getaria, Hispania, mji aliozaliwa, tangu 2011. Makumbusho makubwa yenye kila kitu, kama Victoria and Albert ya London, yana faida nyingine: mikusanyo ya kudumu hutazamwa bure, hivyo unaweza kurudi mara tatu kwa nguo moja.

Dukani: mikono kabla ya kioo

Mzunguko wa kwanza ni wa kutazama tu. Pita maduka manne au matano bila kununua. Ni vigumu, lakini bila hivyo hujui mtaa huo unaweza kukupa nini.

Mzunguko wa pili, geuza nguo nje ndani. Hapo ndipo fundi anaposema ukweli. Mishono iwe myembamba na iliyonyooka, bila nyuzi zinazoning'inia. Angalia kitambaa cha akiba kilichobaki ndani ya mshono: kikiwepo cha sentimeta moja na nusu hadi mbili, nguo inaweza kufumuliwa na kupanuliwa siku moja, kama kuna ukingo mwembamba wa ovaloki tu, nguo hiyo haina siku ya pili. Mistari ikutane ubavuni na kwenye mfuko. Kifungo kiwe na shingo ndogo ya uzi chini yake, si kimebanwa juu ya kitambaa. Zipu ipande na kushuka mara tatu bila kukwama.

Kunja pembe ya kitambaa ndani ya ngumi, hesabu hadi kumi, achia. Sufu nzuri hujinyoosha mbele ya macho yako. Kitani hubaki na mikunjo, na hiyo ni tabia yake, si kosa. Kitambaa hafifu hubaki kama karatasi iliyotupwa. Sugua kona ya ndani kwa leso nyeupe yenye unyevu kidogo, baada ya kumwomba muuzaji. Leso ikichukua rangi, nguo hiyo itachuja na kuharibu nyingine kwenye beseni. Soma lebo ya malighafi. Poliesta kidogo ndani ya kitambaa cha kazi si dhambi, huongeza uimara. Tatizo ni nguo inayoitwa ya sufu kwenye kibao cha bei huku lebo ya ndani ikitaja sufu asilimia chache.

Halafu toka nayo mlangoni. Niliwahi kununua koti la buluu ya wino, zuri mno, katika duka lenye taa za manjano. Nje, siku ya pili, lilikuwa zambarau. Sikulivaa zaidi ya mara mbili, na bado linanisikitisha nikilikumbuka, kwa sababu mshono wake ulikuwa safi. Rangi mbili zinaweza kufanana chini ya taa moja na kutofautiana chini ya jua, kwa kuwa taa hazitoi miale yote kwa kiasi sawa na jua. Muuzaji mwema hakatai ukimwomba usogee karibu na dirisha.

Chumba cha kujaribia nacho kina kazi zake. Kaa. Inua mikono juu kana kwamba unashusha kitu kabatini. Jikunje ufunge kamba za viatu. Kumbatia hewa. Nguo ikivuta mgongoni au ikipanda tumboni, kioo kisikudanganye. Viatu vijaribu jioni, miguu ikiwa imevimba kidogo kwa kutembea, ukiwa na soksi utakazovalia.

Maduka ya nguo za zamani ndiyo ninayoyapenda kuliko yote, na yanahitaji macho makali zaidi. Inua nguo mbele ya mwanga uone matundu ya nondo. Chunguza makwapa, kola na mshono wa kati wa suruali. Nusa. Na tumia ulichojifunza makumbushoni kuhakiki umri: nailoni ilitangazwa mwaka 1938, hivyo gauni "la miaka ya 1920" lenye nyuzi za nailoni limepewa miaka isiyo yake, au limeshonwa upya. Marekani ilianza kulazimisha lebo za kudumu za ufuaji na utunzaji mwaka 1972, kwa hiyo nguo ya huko yenye lebo kamili ya ufuaji haielekei kuwa ya miaka ya 1940.

Ukitaka kushonesha, nenda kwa fundi siku ya kwanza ya safari, kamwe si ya mwisho. Suti ya kupimwa inayostahili jina hilo hupitia majaribio kadhaa mwilini, na kwenye nyumba kubwa za mafundi kazi huchukua wiki nyingi. Kama una siku nne, omba kitu kidogo: shati, au kurekebishwa kwa nguo uliyonunua. Katika karakana yoyote, omba ruhusa kabla ya kupiga picha. Michoro iliyo ukutani ndiyo riziki ya mtu.

Fedha na forodha

Mashine ya kadi ikikuuliza ulipe kwa sarafu ya kwenu au ya pale, chagua ya pale. Ubadilishaji unaofanywa na mashine kwa kawaida ni ghali zaidi. Katika nchi za Umoja wa Ulaya, mgeni anayeishi nje ya Umoja anaweza kurudishiwa kodi ya ongezeko la thamani akinunua kuanzia kiasi kilichowekwa na nchi husika. Omba fomu palepale dukani ukiwa na pasipoti, na upate uthibitisho wa forodha unapotoka nchi ya mwisho ya Umoja, kabla sanduku halijachukuliwa, maana afisa anaweza kutaka kuiona nguo yenyewe, ikiwa bado haijavaliwa. London usitegemee hilo: tangu mwanzo wa 2021 utaratibu huo haupo tena kwa mizigo unayobeba mwenyewe kutoka madukani.

Ngozi ya mamba au chatu, pembe za ndovu, manyoya ya ndege adimu: vyote vinaangukia chini ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, uliotiwa saini 1973 na kuanza kutumika 1975, na bila kibali vinaweza kuchukuliwa mpakani hata kama umevinunua dukani kwa risiti. Vitambaa vya kale sana vinaweza kuhitaji kibali cha kutolewa nchini. Mikoba ya kughushi iache kabisa; Ufaransa na Italia hata mnunuzi anaweza kutozwa faini.

Nusu siku ya mwisho

Iache wazi, bila tiketi wala miadi. Jioni ya kabla yake kaa na michoro yako, na uandike bila kufungua picha za simu nguo zipi za madukani unazikumbuka kwa undani: kola, bitana, uzito mkononi. Kwa kawaida zinabaki mbili, wakati mwingine moja. Asubuhi panga njia inayopitia makumbusho uliyoyapenda zaidi, ingia dakika ishirini tu kwenye nguo ileile uliyoichora, kisha nenda moja kwa moja hadi duka la ile unayoikumbuka. Igeuze nje ndani kwa mara ya pili. Ukikuta mshono bado unakupendeza, lipa, omba kifungo cha akiba na kipande cha kitambaa kama kipo, na koti likunje likiwa limegeuzwa ndani nje kabla ya kulitia sandukuni.